Kichuguu Hakikuuzwa

Nyumba yetu imeipa barabara mgongo. Mgeni akija Mwamkulu kwa mara ya kwanza anashuka kwenye bodaboda, anajikung'uta vumbi, anabisha hodi kwa adabu zote, na mlango ukifunguliwa anakutana na masufuria yanayosubiri kuoshwa. Ameingilia jikoni. Sebule iko upande wa pili, inatazamana na kichuguu. Mume wangu ana maelezo marefu ya kuwapa watu, kuhusu jua la mchana na upepo unakotokea. Mimi siku hizi nasema ukweli: tuliambiwa tugeuze nyumba, tukageuza.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepanga Mpanda mjini, karibu na soko ninakoshonea nguo. Mume wangu ni fundi pikipiki, kwa hiyo chumba chetu kilikuwa na harufu ya oili upande mmoja na vitambaa vipya upande mwingine, na tuliishi hivyo kwa amani. Aliyeninyima usingizi ni mama. Alikuwa peke yake Mamba, huko Mpimbwe, kwenye nyumba ya tofali mbichi aliyoijenga na marehemu baba, na ukuta mmoja ulikuwa umeanza kuinama. Mama aliuegemezea nguzo na kuendelea kupika. Kila mvua ilipopiga bati za mwenye nyumba wetu, mimi nilikuwa naufikiria ule ukuta.

Nilimwomba aje tukae naye. Nilimwomba kwa simu, nikamwomba ana kwa ana, nikamtuma mchungaji wake. Jibu lilikuwa lile lile.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Sasa mimi siku ya tatu utanipa jembe nilime wapi? Kwenye sakafu ya mwenye nyumba wenu?"

Mama yangu hapendi kuwa mgeni. Akija kwako anakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba uko mapajani, na chai anakunywa kama anakupunguzia kitu. Nikaelewa kwamba nisipokuwa na kwangu, hatakuja, na ule ukuta hautamsubiri. Ndiyo maana tukajenga. Watu wa sokoni walidhani ni ufahari, nikawaacha wadhani.

Kiwanja tulikinunua kwa bibi mmoja mjane, Mkonongo kwa kabila, anayeishi jirani na pale, yeye na kuku wake na kisima chake. Kwenye kona ya kiwanja, upande wa kwake, kilisimama kichuguu kikubwa kuliko banda la kuku, kimeota vichaka kichwani. Tuliandikiana mbele ya mashahidi, muhuri ukagongwa, soda zikanywewa. Bibi alipomaliza soda yake akasema, "Haya. Kiwanja nimewauzia. Kichuguu sijauza."

Tukacheka wote. Mume wangu ndiye aliyecheka zaidi. Yeye ni Msukuma, kwao ni watu wa ng'ombe, na kwa mchunga ng'ombe kichuguu ni mahali pa kupanda uone mifugo imeelekea wapi. Ukimwambia kina mwenyewe, ni sawa na kumwambia upepo una mwenyewe. Mimi je? Mimi nimekulia Mamba. Nilijua kabisa kwamba kwetu huwezi kwenda kutega kumbikumbi kwenye kichuguu cha mwenzio, na najua ndugu wa tumbo moja ambao hawasalimiani kwa sababu hiyo. Ila nilidhani hayo ni mambo ya Mamba. Hapa ni manispaa, kuna karatasi, kuna muhuri. Nikadhani muhuri unafika mpaka chini kwa mchwa.

Mume wangu alichora nyumba yetu kwenye boksi la spea. Vyumba vitatu, sebule, jiko, na mbele, upande wa barabarani, baraza pana. Baraza ndiyo ilikuwa ndoto yake. Hata msingi haujachimbwa akawa ameshanunua kiti cha kukalia barazani, kile kikubwa cha mbao chenye mikono. Jumapili tukitoka kanisani alikuwa anakiweka katikati ya kiwanja kitupu, anakaa, anawapungia mkono wapita njia. Wapo waliodhani anauza viti. Chumba cha mama kilikuwa cha nyuma, penye utulivu, na kwenye mchoro kilikaa pale pale kwenye kichuguu.

Fundi wetu wa ujenzi alifurahi alipokiona. Alisema udongo wa kichuguu ndio baba wa matofali, tofali lake halipasuki hata likidondoka, na kwa kuwa kichuguu lazima kiondoke, basi tunaua ndege wawili kwa jiwe moja. Maji yangetoka kisimani kwa bibi, alikuwa ameturuhusu bila shida yoyote. Nikasema sawa, nikaenda zangu sokoni, maana ilikuwa msimu wa sare za kwaya na nilikuwa na cherehani inayonisubiri.

Mchana fundi akanipigia simu. "Dada, maji hakuna."

"Kisima kimekauka?"

"Kisima kina maji. Kamba ndiyo haipo."

Nilipofika nikakuta nusu ya kichuguu imeshakuwa matofali, yamepangwa juani, mazuri kwa kweli. Mafundi walinieleza kwamba bibi alitoka, akasimama, akatazama sululu zinavyofanya kazi. Akaenda kisimani, akavuta ndoo, akaiviringisha ile kamba taratibu mkononi, akaingia navyo ndani. Vita ilitangazwa hivyo.

"Shikamoo, bibi," nikasema mlangoni kwake.

"Marahaba. Kama umefuata kamba, imepumzika."

Nikaanza kueleza habari za fundi, za mchoro, za chumba cha mama. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Niliwaambia mbele ya watu, nyie mkacheka. Nikajisemea, waache wacheke, wamepata kiwanja. Kumbe mlikuwa mnanicheka mimi."

Nikasema hapana, bibi, hata kidogo.

"Nina kijana wangu wa mwisho, yuko Dar," akaendelea. "Krismasi hanipigii. Nikiumwa hanipigii, labda umpigie wewe. Ila mvua ya kwanza ikinyesha huku, sijui nani humwambia, kesho yake simu inaita. 'Mama, kumbikumbi wametoka?' Namwambia wametoka. Nawakaanga, nawaanika, namjazia kopo namtumia kwa basi. Amekula wa kichuguu hiki tangu hajaota meno. Sasa mwaka huu akipiga nimwambie nini? Kwamba wamekuwa chumba?"

Niliumia. Niliumia na bado nilikuwa na hasira, maana hivyo viwili vinakaa tumbo moja bila kugombana. Hasira kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa kila jioni, na mimi nilikuwa na mtaro wa msingi, marundo ya matofali mabichi, na mama mwenye ukuta ulioinama. Nikawaambia mafundi waweke sululu chini. Kesho yake nikarudi kwa bibi na sukari na kitenge kizuri nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe. Alipokea, akashukuru, akanikaribisha hata uji. Kamba haikutoka.

Tukaanza kuleta maji kwa bodaboda, madumu yamefungwa pande zote mbili, nusu yanamwagika njiani. Fundi alisema kwa mwendo huo tutapaua nyumba wakati wa kuvuna mahindi. Mume wangu akashauri tuchimbe kisima chetu. Nikamuuliza tutakichimba kwa kutumia mkono wa kiti chake? Tulikuwa tumefikia hapo pa kurushiana maneno kuhusu kiti.

Mama alikuja siku moja asubuhi, bila taarifa, juu ya Fuso lililobeba mpunga kutoka Mamba. Nilikuwepo kiwanjani nikipokea madumu. Utingo alimteremsha yeye, akamteremsha jogoo, halafu akapanda tena juu akamteremshia mlango. Mlango mzima, wa mninga, ule baba aliouchonga mwenyewe, bado una bawaba zake.

"Ukuta umelala," mama akasema.

"Mama! Uliumia?"

"Nilikuwa shambani. Umeangukia chungu." Akaunyoosha mkono kuelekea mtaroni. "Nyumba iko wapi?"

Nikamwonyesha mtaro. Nikamwonyesha matofali. Akatafuta pa kukaa, akaona kile kiti cha mume wangu chini ya kivuli, akakikalia, akaegemea vizuri na mikono akaiweka juu ya mikono ya kiti. Nilitaka kulia na kucheka. Nikamwambia twende mjini, kwetu kuna kitanda, atapumzika. Akaniambia mjini kwa mwenye nyumba wenu siendi, na mlango wangu hauendi. Nikamwambia basi atalala wapi, kwenye kiti? Wakati nafoka nikaona haniangalii mimi, anakiangalia kichuguu.

"Nani mwenye kichuguu hiki?"

"Sisi. Kiwanja ni chetu."

"Nimeuliza mwenye kichuguu. Sijauliza mwenye kiwanja."

Nikamwelekeza kwa bibi, kwa sauti ndogo. Mama akainuka. Ilibidi nimfuate, na kabla hatujafika uwanjani kwa bibi alikuwa ameshaanza kunisema kwa sauti ya kusikika. Kwamba amezaa mtoto, amempeleka shule, na mtoto anabomoa nyumba ya watu akidhani anajenga ya mama yake. Bibi alitoka nje kuja kumsikiliza vizuri. Nadhani ni tangu siku hiyo walipendana, wakisaidiana kunisema, mmoja kwa Kipimbwe, mwingine kwa Kikonongo, na pale wasipoelewana wakitumia Kiswahili ili nami nisikose.

Kisha wakaenda wawili kukikagua kichuguu. Walikizunguka, wakainama, wakachungulia matundu, wakanusa udongo. Shida ilikuwa moja. Kama sululu zilikuwa zimemfikia mama wa mchwa, basi kichuguu kimekufa na hakuna cha kumbikumbi wala nini.

"Mama yao huwa anakaa upande wa huku," bibi akasema. "Sidhani kama wamemfikia. Sidhani."

"Mvua itasema," mama akajibu.

Bibi akamkaribisha alale kwake. Mama akakubali, akakaa kwenye ncha ya kigoda kama kawaida yake, mkoba mapajani. Siku ya tatu nilipokwenda na vitumbua vyao vya asubuhi nikakuta wako juani, mama ameshika jembe la bibi. Alikuwa ameliomba mwenyewe. Walikuwa wanarudishia udongo kwenye ubavu wa kichuguu, wanaushindilia kwa miguu na maji, maji ya kisimani. Kamba ilikuwa imetoka nje na hakuna aliyetangaza.

Mume wangu alipofika jioni, mama alikuwa amekalia kiti chake na maamuzi yako tayari. Nyumba isogezwe mbele, kichuguu kipate nafasi. Mume wangu akaeleza kwa heshima zote kwamba tukisogea mbele tutagusa hifadhi ya barabara, baraza haitatosha.

"Baraza iende nyuma," mama akasema. "Baba, kwani ukikaa barabarani unaangalia nini? Pikipiki. Si ndizo unazoziangalia kutwa nzima?"

Mume wangu alinitazama mimi nimsaidie. Nikamwangalia jogoo. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa amesimama mbele ya mama mkwe aliyekuja na mlango wake.

Basi tukageuza nyumba. Tulifukia mtaro mmoja, tukachimba mwingine. Udongo wa matofali tuliuchimba bondeni, haukuwa mzuri kama ule, matofali mengine yalipasuka, nasi tukapasukiana kwa maneno. Tulichoma tanuru kwa pumba za mpunga, mtaa mzima ukakohoa kwa ajili yetu. Bibi alikuwa anavuta maji na kuwakosoa mafundi. Kuhusu yale matofali ya kwanza, ya kichuguu, nilimuuliza kwa woga tufanye nini nayo. Akasema yameshakuwa matofali, hayawezi kurudi kuwa kichuguu, yajenge chumba cha mwenzangu. Ndiyo yaliyozunguka mlango wa baba. Mlango wenyewe ulikuwa mfupi kuliko milango ya siku hizi, mafundi wakashusha ukuta uufuate, na mpaka leo mume wangu akienda kumsalimia mkwewe anagonga kichwa.

Bati zilitosha kufunika chumba cha mama na sebule kwanza. Mama akahama kutoka kwa bibi, akalala kwake mwenyewe, nikashukuru Mungu. Lakini sikuwa nimetulia. Kila akizungumza alisema "nyumba yenu." Sufuria zenu, kuni zenu, choo chenu. Chai alianza tena kuinywa kama ananipunguzia. Na siku moja nikamsikia akimwambia bibi kwamba mvua zikiisha atarudi Mamba kusimamisha ukuta wake.

"Utarudi kwenye nyumba isiyo na mlango?" nikamuuliza.

"Mlango nitaubeba. Si niliubeba kuja?"

Nilikasirika hadi nikashona mkono wa blauzi kinyume. Nimepindua nyumba nzima, nimemnyima mume baraza, na mama yangu bado yuko kwenye ncha ya kiti! Nilikuwa nimempa chumba, kitanda na bati juu ya kichwa, na sikujua kitu gani kingine cha kumpa.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri, kubwa, ya kuchekesha bati mpya. Kulipokucha jua likawaka. Sikwenda sokoni. Bibi na mama walikuwa wameshakaa mbele ya kichuguu na mabeseni yao ya maji, simu ya bibi imefungwa kwenye pindo la kitenge, kile kile nilichompa. Sisi tulikuwa kwenye baraza ya nyuma, mume wangu kwenye kiti chake kilichorudishwa. Ubavu ule uliochimbwa ulikuwa kimya, udongo tu. Muda ukapita. Bibi aliinuka akachungulia, akakaa. Akainuka tena.

Kisha mama akasema, "Askari hao."

Upande wa kwetu, karibu na mlango wa baba, mchwa wenye vichwa vikubwa walikuwa wanatoka kwenye tundu, wakigeuka huku na huku. Nyuma yao zikaonekana mbawa. Kwanza chache. Halafu tundu la pili, la tatu, mpaka kichuguu kikawa kinachemka, na juu yake hewa yote inameta. Mume wangu, mtu aliyekuwa anapanda vichuguu kutafuta ng'ombe, akasimama juu ya kiti akipiga kelele kama yuko mpirani.

Simu ya bibi ikaita. Mama ndiye aliyemfungulia pindo.

"Wametoka!" bibi akapaza sauti kabla hajaulizwa. "Wametoka baba! Ndiyo! Wapo, wapo!" Alikuwa analia wazi wazi, na mimi pia, sikuona sababu ya kujificha. Akazungumza na mwanawe muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza akajifuta uso, akamgeukia mama, akawa mtu wa kazi.

"Haya, tusigombane baadaye. Matundu ya upande wa kisima ni yangu. Haya ya upande wa mlango wako ni yako. Sikuuzii, nakupa. Ila cha kupewa hivi huwezi kukibeba ukaenda nacho Mamba."

Mama alisogeza beseni lake mpaka kwenye matundu yake, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akakaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, kama anavyokaa mtu uwanjani kwake. Mkoba wake niliuona mbali, umeachwa kwa jirani kwenye kigoda.

Nikachukua bakuli jikoni nikaenda. Nilikuwa nawatamani tangu nilipoolewa mjini. Nikainama kwenye tundu la karibu, mama akanipiga kofi mkononi.

"Na wewe nani amekualika?"

"Mama, hapa ni kwangu!"

"Kiwanja ni chako," akasema bila kuniangalia, anakusanya. "Simama hapo pembeni. Nikimaliza, nitakugawia."

Nikasimama pembeni na bakuli langu, kwenye kiwanja changu, kama mgeni anayesubiri mwenyeji.